Pikipiki ya Kwenda Komi

Minko Tsonev alikuwa fundi wa kuchomelea maboila katika mji wa Sevlievo, na boila aliyoiziba yeye haikuvuja tena. Kwa kazi hakuwa na mpinzani. Tatizo lake lilikuwa miguu. Mungu alimpa kifua cha mpiga mieleka na mabega ya kubebea milango, kisha alipofika kwenye miguu akaanza kubana matumizi. Sisi wa Sevlievo hatuna adabu katika mambo ya namna hiyo. Tulimwita Robo tangu shuleni, na alipofikisha miaka hamsini na tano kulikuwa na watu mjini waliodhani ndilo jina alilobatizwa.

Aliyempachika jina hilo ni kaka yake wa tumbo moja, Dobromir. Huyo alikuwa mrefu, mcheshi, mwenye sauti ya kusikika mtaa wa pili, na ndiye aliyemiliki pikipiki ya kwanza katika mtaa wao. Minko alipakiwa nyuma. Kuendesha alikatazwa kabisa.

"Miguu haifiki chini, Robo," Dobromir alikuwa akimwambia. "Utaniulia chombo."

Mwaka wa sabini na tisa Dobromir alijiandikisha kwenda Komi, kaskazini kabisa ya Urusi, kukata miti. Vijana wetu wengi walikwenda. Serikali mbili zilikuwa zimekubaliana, wao watoe msitu na sisi tutoe mikono. Wengi walirudi na pesa za kununulia gari. Dobromir hakurudi. Alioa huko, mwanamke wa Kikomi aitwaye Zoya, akajenga nyumba ya magogo, akazeekea hukohuko.

Kila Mwaka Mpya alipiga simu, na maneno yalikuwa yaleyale.

"Unakuja au huji?"

"Nakuja, kaka."

"Kwa pikipiki?"

"Kwa nini tena, kama si pikipiki?"

Ndivyo walivyoahidiana kituoni siku ile treni inaondoka: mdogo atanunua ya kwake, atamfuata mkubwa, na kutoka hapo wataendelea pamoja mpaka barabara iishe. Ahadi ya vijana waliokunywa pombe, mtu angeisahau kabla treni haijapotea machoni. Minko hakuisahau. Aliibeba miaka thelathini na tatu, na kila mwaka alikuwa na sababu nzuri ya kutokwenda.

Mwaka 2012 simu ilikuja Februari. Dobromir alikuwa na saratani ya ini. Aliisema kama mtu anayetaja hali ya hewa, kisha akasema, "Njoo kiangazi, Minko. Vuli usijisumbue." Alimwita Minko. Hakumwita Robo, na hilo lilimtisha Minko kuliko jina la ugonjwa.

Hapo mtu mwenye akili timamu angekata tiketi ya ndege. Stanka, mkewe, alimwambia hivyo siku ileile, mikono ikiwa bado na unga.

"Amekwambia njoo. Hakukwambia njoo na nini."

"Wewe huelewi, Stanka."

"Naelewa sana. Ndiyo maana nasema."

Lakini Minko alikuwa ameshaliona tukio lote kichwani: Dobromir amesimama mlangoni pa nyumba yake ya magogo, na mdogo wake anaingia uani juu ya chombo chake mwenyewe, ametoka Sevlievo, amevuka nchi baada ya nchi, hakupakiwa na mtu. Aliuza shamba la mizabibu la marehemu mama yao, akaanza kutafuta pikipiki.

Sasa, kwetu mtu hanunui hata mbuzi bila kwanza kumfikisha mezani. Meza ya Minko ilikuwa kwenye mkahawa ulio mbele ya mnara wa saa, na wazee wa baraza walikuwa wawili. Wa kwanza ni Parvan, daktari wa meno, mtu aliyewahi kufika Moroko kwa pikipiki. Ilikwenda juu ya trela mpaka bandarini, lakini hilo halikuwa likizungumzwa mezani. Wa pili ni Slavi, mwalimu wa fizikia, ambaye hakuwahi kuvuka Bukaresti lakini alisoma kila jarida la pikipiki lililochapishwa na alijua uzito wa kila chombo kama padri anavyojua sala.

Machi yote ikapita hapo mezani, na Aprili ikafuata. Silinda moja au mbili? Slavi alisema silinda moja itamtikisa mpaka meno yalegee, na Parvan akasema yakilegea aje kwake. Mnyororo au shafti? Mnyororo unataka mafuta na kukazwa kila jioni, shafti unaisahau. Tangi lazima liwe kubwa, kioo cha upepo lazima kiwe kirefu, masanduku ya mizigo lazima yawe ya alumini. Minko akauliza kuhusu tope, maana kaka yake alimweleza kwamba baada ya mji wa mwisho barabara zote ni za malori ya magogo, na mvua ikinyesha lami inakuwa hadithi.

"Tope linataka uzito," akasema Slavi. "Uzito ndio utulivu."

Uwongo mtupu. Tope halitaki chochote isipokuwa kukulaza chini, na kitakachokuuliza swali hapo ni kama unaweza kukiinua chombo chako peke yako. Lakini Slavi alilisema kwa sauti ya darasani, na sisi tulifundishwa kuiheshimu sauti hiyo.

Siku moja katikati ya juma Minko alikwenda peke yake Tarnovo, kwa mama mmoja aitwaye Galina aliyekuwa akiuza pikipiki zilizotumika nyuma ya nyumba yake. Huko aliikuta. Ilikuwa ya Kijapani, nyembamba, injini ya robo lita, rimu za spoku, kabureta ya zamani ambayo Minko angeweza kuifungua na kuifunga huku anapiga soga. Mwenyewe wa kwanza alikuwa ameichomelea kibati cha kukinga injini kwa chini na keria ya kufungia mizigo. Minko akaikagua ile kazi ya kuchomelea, hakupata la kulalamikia. Akakaa juu yake. Nyayo zote mbili zikalala chini.

"Ilaze," akasema Galina.

"Niilaze vipi?"

"Ilaze ubavu, halafu uiinue. Usione aibu, hakuna anayekutazama."

Akailaza kwenye nyasi, akaishika, akaiinua peke yake bila hata kuzuia pumzi.

"Hii utaiinua hata ukiwa na njaa," Galina akasema. "Na huko unakokwenda njaa utaipata. Mimi na ya aina hii nilifika Samarkand, na nilikuwa mzito kuliko sasa."

Moyo wa Minko ukatulia. Alijua. Angetoa pesa palepale angekuwa njiani kabla cheri hazijaiva. Badala yake akasema atarudi, ngoja kwanza azungumze na wenzake.

Mezani hawakumwacha amalize.

"Robo lita?" Slavi akauliza. "Unakwenda Urusi au unapeleka pilipili sokoni?"

"Nimekaa, inanitosha. Naiinua."

"Lazima ikutoshe. Robo kwa robo."

Mkahawa mzima ulicheka, hata mwenye mkahawa nyuma ya kaunta. Minko naye alicheka, maana asiyecheka kwetu huchekwa mara mbili. Kisha Parvan, aliyekuwa anampenda kwa dhati, akaweka kikombe chini akasema kwa upole, "Ndugu yangu, hebu fikiri. Dobri amekusubiri miaka yote hiyo. Ni mgonjwa. Halafu umwendee umepanda cherehani?"

Neno la Slavi lilimkwaruza tu. La Parvan lilimwingia, kwa sababu lilikuwa neno lake mwenyewe, lile alilokuwa akilificha moyoni tangu Februari. Siku chache baadaye yeye na Parvan wakaenda Tarnovo kwa Galina na kununua ya Kijerumani, silinda mbili, shafti, tangi kama pipa, chombo kizuri kisicho na kosa lolote isipokuwa kwamba kilitengenezwa kwa mtu mwingine. Galina alimtazama Minko akikipanda kwa ncha za vidole, hakusema kitu mbele ya daktari. Parvan alipokwenda kuleta gari akamsogelea.

"Ile ndogo naiweka mpaka Jumatatu. Hii ikikushinda irudishe, tubadilishane. Sitakuuliza kwa nini."

Ilimshinda kesho yake, uani kwake. Alikuwa anaigeuza tu ielekee getini. Ua wake una mteremko kidogo kuelekea banda la kuku, mteremko ambao hakuwahi kuuona mpaka siku hiyo. Pikipiki ikaanza kulala upande, akaizuia kwa kifua chake chote cha mieleka, na ikalala vilevile, polepole, juu ya vitunguu vya Stanka. Alijaribu kuiinua. Akajaribu tena. Mwisho Stanka akatoka, akapanga mikono pembeni ya mikono yake bila kuulizwa, wakaiinua wawili wakihema.

"Jumatatu irudishe," akasema.

"Jumatatu," akasema Minko, na alimaanisha.

Lakini kabla ya Jumatatu kulikuwa na Jumapili, na Jumapili hiyo ilikuwa Sikukuu ya Mtakatifu Georgi, siku ya mwanakondoo, na watu walikuwa wamealikwa. Kwetu kitu kipya lazima kimwagiliwe. Ukinunua gari, nyumba, hata mashine ya kufulia, unawaita watu, mnakula, mnakunywa rakia, na kiasi unakimwagia chombo chenyewe ili kisikuumize. Kikishamwagiliwa ni chako. Hakirudishwi dukani, kama bibi harusi asivyorudishwa kwao watu wakiwa wameshakula.

"Waambie wakifika," Stanka alimsihi asubuhi, huku anamtia mwanakondoo chumvi. "Waambie nyama ni ya Mtakatifu Georgi, pikipiki inarudi kesho. Wale, washibe, waende zao. Watacheka siku moja."

"Nitawaambia."

Alifungua mdomo mara mbili. Mara ya kwanza Parvan alikuwa ameshainama na glasi mkononi, anaimwagia rakia gurudumu la mbele na kumwombea msafiri heri, na watu wamesimama kimya. Mara ya pili Slavi alikuwa ameshapiga simu Komi.

"Dobri! Hapa ni Slavi, yule mwembamba! Ngoja nikupe mtu mzito."

Wakamweka Minko simu sikioni, wote wamemzunguka na mafuta ya nyama midomoni. Sauti ya Dobromir ilikuwa imepungua.

"Wanasema umenunua. Ni kubwa?"

"Kubwa, kaka."

"Miguu inafika chini?"

Minko akaitazama meza. Akamtazama Stanka aliyesimama na sinia mlangoni.

"Inafika."

Kikaja kicheko chembamba, kisha kikohozi kirefu. "Basi umekuwa mtu, Minko. Safari hii mimi ndiye nitakayekaa nyuma."

Minko alilia mbele za watu. Wakadhani ni furaha, wakamjazia glasi. Stanka alirudi ndani na sinia lake. Jumatatu ikapita, na Jumanne ile ndogo ikachukuliwa na msichana wa Plovdiv.

Mtu angedhani sasa ataondoka. Thubutu. Slavi alisema masanduku ya alumini ni lazima, na masanduku yalichelewa. Parvan alisema taa za ziada ni lazima. Mwishoni mwa Juni ndipo alipotoka, sanduku moja limejaa vipuri na jingine limejaa jibini, pilipili zilizokaushwa, na chupa za divai ya mwisho ya shamba la mama. Stanka alimwaga maji kizingitini ili njia imtiririkie, kama inavyotakiwa. 

Ilimtiririkia siku moja na nusu. Alivuka daraja la Ruse mpakani, akalala Romania, na asubuhi akaelekea kaskazini, na hatuna budi kusema kwamba alifurahi. Chombo kilipokuwa kinakwenda kilikwenda vizuri mno. Kilikuwa na tabia moja mbaya tu, nayo ni kwamba mara mojamoja lazima kisimame. Karibu na mpaka wa Moldova barabara ilikuwa inatengenezwa, magari yakasimamishwa, na Minko akasimama pembeni penye kokoto. Hakuwa anatembea. Injini ilikuwa imezimwa. Mguu wa kulia ukashuka kutafuta ardhi, ardhi ilikuwa chini zaidi ya ulivyotarajia, na chombo kikamlalia na masanduku yake yote. Aliusikia mfupa wa kifundo ukivunjika kabla ya kusikia maumivu. Chupa zilipasuka. Madereva wa malori waliokimbia kumsaidia walipoona ule wekundu kwenye kokoto walidhani amekwisha, kisha wakanusa.

Parvan alikuja na trela kesho yake. Alitoka garini akaizunguka pikipiki mara moja, akachuchumaa, akapitisha kidole kwenye kifuniko cha injini.

"Mkwaruzo tu," akasema. "Imara sana hii." Kisha akauliza mguu unaendeleaje.

Julai ikaisha na plasta mguuni. Agosti ikaanza. Stanka alirudia wimbo wake wa tiketi ya ndege, safari hii bila unga mikononi, amekaa ana kwa ana naye.

"Panda na magongo yako. Watakusaidia."

"Nikitolewa plasta."

"Anakufa, Minko."

"Nikitolewa plasta nitakwenda hata kesho yake. Sitamwendea kaka yangu kama mlemavu."

Hapa ndipo mtu anapotamani kumkamata mabegani amtikise. Kuna watu wanaokufa na tai shingoni, na tunawacheka, lakini yeye tai ilikuwa yake na aliyekuwa anakufa alikuwa mwingine. Alimpigia Dobromir simu. Hakumwambia habari za mguu. Alimwambia pikipiki inasubiri kipuri kutoka Ujerumani.

"Kipuri gani?"

"Kihisio cha mafuta. Cha umeme."

"Zamani tungefunga waya tukaendelea."

"Zamani, kaka."

 Katika maisha yake yote Dobromir hakuwahi kumwomba mdogo wake kitu.

"Fanya haraka basi," akasema.

Zoya alipiga simu mwanzoni mwa Septemba. Hakuwa mtu wa maneno mengi, na Minko alikuwa hajawahi kumwona ila kwenye picha.

"Shemeji," akasema, "ametutoka asubuhi. Hakuteseka sana." Akapumua. "Nilikuwa namfungulia dirisha. Kila lori la magogo likipita ananiuliza kama ni wewe."

Minko alishukuru.  Plasta ilitolewa wiki iliyofuata.

Alibandika tangazo la msiba getini kwake, picha ya Dobromir akiwa kijana, kwa sababu picha ya uzeeni hakuwa nayo. Siku ya arobaini Stanka alichemsha ngano ya marehemu, akaichanganya na sukari na kokwa za jozi, na Minko akachukua bakuli moja kwenda nalo mkahawani. Parvan na Slavi walisimama. Kila mmoja akala kijiko chake, akasema Mungu amrehemu, na walisema kwa moyo. Kisha wakaketi, na Slavi akatafuta la kumfariji.

"Mwakani lazima uende, Minko. Kaburini. Kiti kinaweza kushushwa, nimesoma. Wanakata sponji."

"Au aibadilishe," akasema Parvan. "Kuna mpya imetoka, nzito kidogo, lakini imekaa chini."

Minko alikuwa bado ameshika bakuli.

"Ile ndogo ingenifikisha," akasema. "Juni ningekuwa kwake. Ningekaa naye kiangazi chote."

Wakatazamana.

"Ndogo ipi?" akauliza Slavi.

"Ya Tarnovo. Ya robo lita. Mlisema cherehani. Mlisema nikauze pilipili."

Aliwaona wakijaribu. Slavi alikunja uso kama anayetafuta jina la mwanafunzi wa zamani. Parvan akatikisa kichwa taratibu, akamwekea mkono begani.

"Bwana, hapa tunacheka kila siku," akasema. "Mimi hata sikumbuki kama kulikuwa na ndogo."

Hakuwa anajitetea. Minko alimtazama usoni, akaona kwamba anasema kweli.